Alaska au Norway: tukaione wapi barafu tukiwa melini?

Mzee_wa_Upanga: Wakuu, habari za Jumapili. Mwakani tunatimiza miaka 25 ya ndoa na tumejiwekea akiba ya safari ya meli, ile ya kupita katikati ya milima na mito ya barafu. Binti yetu anasema Alaska, mimi moyo uko Norway. Tatizo, mama watoto hutapika kwenye boti ya Unguja kabla Bongoyo haijapotea machoni. Nipeni mwanga.

Baharia_Mstaafu: Nimepika kwenye meli za Alaska misimu miwili. Kutapika kusikutishe, njia yao kubwa inapita ndani ya visiwa, mawimbi ya bahari kuu hayafiki sana. Cha kukupeleka kule ni Glacier Bay. Mwaka 1794 ghuba karibu yote ilikuwa barafu tupu. Tangu hapo barafu imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100, ndiyo maana leo meli inaingia. Meli kubwa ni mbili tu kwa siku. Mbele ya barafu ya Margerie meli inasimama, watu kimya. Unaona kipande kinaanguka, halafu ndipo mlio unakufikia, kama radi ya masika. Mara ya kwanza nilikimbilia sitaha na aproni yangu, kisu cha vitunguu mkononi! Ila hakikisha ratiba inaitaja Glacier Bay kwa jina. Si kila meli ya Alaska inaingia humo.

Dada_Makaratasi: Barafu baadaye, viza kwanza. Meli ikianzia Vancouver unahitaji viza ya Canada na ya Marekani, na ukimalizia hapohapo, uliza kama ya Canada inakuruhusu kuingia tena. Ikianzia Seattle usidhani umepona: sheria ya Marekani ya 1886 inazilazimu meli za bendera ya kigeni kugusa bandari ya nchi nyingine, kwa hiyo nyingi zinapitia Victoria, Canada. Norway ni viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, basi. Na ya Marekani uliza hali ikoje kabla hujalipa hata senti.

Kaka_Tabata: Norway! Kuna Nærøyfjord, mkono wa bahari mwembamba mpaka mita 250, milima imekusimamia huku na huku. Meli za pwani za Bergen hadi Kirkenes zinabeba watu na mizigo, huduma yenyewe ilianza 1893, unaweza kupanda kipande tu. Lakini nisikudanganye mkuu, Norway bara barafu iko juu milimani, haidondoki baharini. Na kuna vipande vya bahari wazi, mama ataikumbuka Unguja.

Mtoto_wa_Mafia: Nyangumi kibyongo wanapita pwani yetu kuanzia Julai. Papa potwe wapo Mafia. Barafu za ukwaju mtaani kwenu. Nauli ya nini?

Mzee_wa_Upanga: 😂 Mama watoto amesoma zote. Anauliza tu kama kule jikoni wali wa nazi unapatikana.

Baharia_Mstaafu: Wali upo, shemeji. Nazi ya kopo.