Tupeane uzoefu: mtoto wa chini ya miaka mitatu kwenye shamba la familia (Mbeya, Iringa, Njombe)

Mleta uzi, Uyole
Habari za mashambani wakuu. Palizi inakaribia na wengi hatuna wa kumwachia mtoto nyumbani. Naomba tupeane mbinu, ila tuweke hatua na vipimo, na tuseme wapi huwa panaharibika. Zile za "sisi tulilelewa hivyohivyo na tukakua" tuziache kijiweni.

Naanza na mbeleko. Kitenge kishike kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti jingine, magoti yawe juu kidogo ya makalio. Miguu ikibanwa pamoja na kunyooshwa ndiyo inayosumbua nyonga. Ambaye shingo haijakaza, kitambaa kifike mpaka usawa wa masikio, pua ibaki wazi, na usimpalilie naye mgongoni, kwani ukiinama kichwa chake hubaki kinaning'inia. Kuvuna mboga na kuchambua maharage unaweza. Kupiga maharage, kupukuchua kwa mashine na kukamua ng'ombe, hapana. Na mbegu za mahindi za dukani zenye rangi zimepakwa dawa: nawa kwa sabuni kabla hujamshika au kumnyonyesha.

Mama kijacho, Mbalizi
Asante mkuu. Sasa yule anayetambaa ambaye hataki tena kukaa mgongoni?

Fundi na mkulima, Mafinga
Mtengenezee kizimba, dada. Mita moja na nusu kila upande, kimo sentimita 70, mbao zisimame wima na nafasi kati yake isizidi sentimita 6 ili kichwa kisipite. Usiweke mbao za kulala upande wa ndani, atazifanya ngazi. Chini tandika turubai, juu yake mkeka, juu kabisa kivuli cha nyasi. Kizimba kiwe chepesi ili watu wawili wakihamishe kila mnapomaliza kipande, maana kikikaa mbali mtaanza kumtuma mtoto wa miaka mitano akamwangalie mwenzake.

Kisiwe chini ya mparachichi wenye matunda wala karibu na mgomba uliozaa. Upepo wa mchana huangusha mkungu mzima. Kagua njia za siafu kabla ya kukiweka. Majivu makavu kuzunguka husaidia, yakilowa hayana kazi tena.

Mkulima wa parachichi, Rungwe
Kizimba sawa, lakini kwetu kinachotisha ni yale mabwawa ya turubai ya kumwagilia. Turubai likilowa huota ukoko wa kijani, na hata mtu mzima aliyeteleza hapandi. Jengeni uzio wa mianzi iliyosimama wima, kimo mita 1.2 au zaidi, nafasi isizidi sentimita 10, fito za kulala zifungwe upande wa maji. Mlango ujifunge wenyewe: kamba ipite juu ya nguzo, mwisho wake lining'inie jiwe. Hiyo ni muhimu kuliko komeo, kwa sababu mwenye ndoo mbili mikononi hatarudi kufunga komeo. Kila pembe funga kamba nene yenye mafundo, ncha ifike ndani ya maji.

Na ndoo ya maji uani ni bwawa pia. Mtoto wa mwaka mmoja akitumbukia kichwa hawezi kujiinua.

Bwana shamba, Makambako
Naongezea dawa, maana viazi vyetu mvua zikikaza hupuliziwa ya ukungu karibu kila wiki.

Kila lebo ina muda wa kusubiri kabla ya kuingia shambani. Kama haisomeki, mimi hushauri mtoto asikanyage hapo kabla ya siku mbili. Ngozi yake ni laini, mwili mdogo, na mikono haitoki mdomoni. Bomba la mgongoni huvuja kwenye mfuniko na kwenye maungio ya mpira, shati likalowa bila mpuliziaji kujua. Baba akirudi asimpokee mtoto. Aoge kwanza, abadili nguo, na nguo hizo zifuliwe kwenye beseni lake, si pamoja na nepi. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja. Chupa tupu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba, kisha itoboe ili asipatikane wa kuchotea maziwa.

Ila hatari kubwa kuliko ya shambani iko ndani ya nyumba. Vidonge vya kufukizia mahindi (aluminiamu fosfaidi) hukutana na unyevu wa hewa na kutoa gesi inayoua. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa na darini, kwa hiyo kufunga mlango wa chumba chenye magunia hakumkingi aliyelala chumba cha pili. Nyumba wanamolala watu havifai kabisa. Tumieni mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Kila nailoni ikamuliwe hewa na kufungwa peke yake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki.

Akimeza sumu: usimtapishe. Maziwa si dawa ya sumu, yasikucheleweshe. Mvue nguo, mwoshe ngozi kwa sabuni, beba chupa yenye lebo mwende hospitali.

Mama lishe, Mufindi
Hapo kwenye kuhifadhi, bwana shamba, mahindi lazima yawe makavu kweli. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, punje kiasi, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta, rudisha mahindi juani. Yenye ukungu hutoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Wala usimpe ng'ombe wa maziwa ukidhani umeokoa hasara, hupita ikaingia kwenye maziwa.

Sasa chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kwa nchi nzima, lakini Iringa ni zaidi ya nusu, na Njombe nusu hivi. Mikoa yenye mahindi, viazi, maharage na maziwa! Njaa ya gunia tupu haihusiki sana hapo. Mama hutoka alfajiri, anarudi jioni, na katikati mtoto amekunywa uji mwembamba mara moja.

Miezi sita ya kwanza ni ziwa tu. Kukamua maziwa ya mama inawezekana: chombo kilichochemshwa chenye mfuniko, kivulini, yasikae zaidi ya muda wa saa nne hata kwa baridi yetu, na anyweshwe kwa kikombe. Chuchu za plastiki shambani hazisafishiki.

Miezi 6 hadi 8, milo miwili au mitatu kwa siku. Anza na vijiko viwili, vitatu, uongeze hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9, mitatu au minne na kitafunwa katikati. Uji ushike kwenye kijiko, usitiririke. Hapa ndipo wengi hukosea: mtoto anasumbua kumeza, mama anaongeza maji, tumbo linajaa maji. Tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu, kausha juani, sugua uondoe machipukizi, saga. Uji mzito ukiiva, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga; utalegea mbele ya macho yako. Urudishe jikoni uchemke tena. Chakula ni kilekile, ila sasa kinamezeka.

Na huo unga wa lishe wa nafaka saba, tuuache. Nafaka moja inatosha; kinachokosekana ni maharage yaliyopondwa, yai, dagaa waliosagwa, parachichi, majani. Karanga zikisagwa nyingi na kukaa mwezi huchacha, saga za wiki mbili tu.

Mfugaji, Mbozi
Nguruwe wafungiwe, na choo kiwe na mlango. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama hupata malengelenge. Mtu akimeza mayai ya tegu kutoka mikono michafu, lava wanaoanguliwa humo huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Kuku nao wasilale chumba cha mtoto. Anayetambaa huokota kinyesi chao akala.

Mkazi wa Makete
Kuhusu baridi ya Juni na Julai: jiko la mkaa litoke nje kabla watu hawajalala, hata kama limebaki makaa mekundu matatu. Gesi yake haina harufu. Mtoto avae tabaka moja zaidi yako, na umpime kwa kugusa tumbo, mikono hudanganya. Asubuhi subirini umande ukauke.

Muuguzi wa zahanati, Igurusi
Mafua ya baridi mkitaka kuyatenga na homa ya mapafu, hesabuni pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi: leteni siku hiyohiyo. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, msihesabu, njooni.

Akiharisha, pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa lita moja kamili ya maji safi, na zinki siku 10 hadi 14: miligramu 10 chini ya miezi sita, 20 kwa wakubwa. Vidonge visikatishwe kuhara kukikoma.

Mama kijacho, Mbalizi
Muuguzi, lita moja napimaje shambani?

Muuguzi wa zahanati, Igurusi
Chupa mbili za soda za nusu lita, mama, zilizooshwa. Zile ambazo hazijawahi kuguswa na dawa ya viazi.