Wakuu, "aibu" kwa Kikantoni ni neno gani hasa?

MzigoMezani: Habarini wakuu. Nipo Guangzhou nafuata mzigo wa nguo. Kimandarini cha kuombea maji ninacho, ila mama anayeniuzia ni mwenyeji, na wanawe ni Kikantoni mwanzo mwisho. Juzi nimemsifia chai yake, akacheka: "sat lai saai." Kamusi ya simu inasema sat lai ni kufedhehesha! Kesho yake namsikia anamfokea mwanawe kwa neno hilohilo. Ni adabu au matusi? Na mimi nikiaibika nisemeje?

Bint_Makorora: Yote mawili, kaka. Sat1 lai5 (namba ni toni, yaani sauti inavyopanda au kushuka) ni kupungukiwa adabu. Akijisemea mwenyewe anajishusha, kama mama zetu: kakupikia pilau na kuku, halafu anakwambia "karibu, hata hakuna kitu." Akimwambia mtoto, hapo ni "unanitia aibu mbele za watu." Angalia anasemwa nani.

Kontena40: Ukiaibika sema diu1 gaa2, ndilo la kila siku. LAKINI hiyo diu iwe juu, imenyooka. Ukianza chini ukaipandisha inakuwa diu2, na hilo ni tusi la nguoni. Mimi nililitoa ndani ya lifti, kuna bibi wa watu pembeni. Mpaka ghorofa ya kumi na moja hakuna aliyekohoa.

MzigoMezani: 😂😂 Na mimi nililiandika daftarini bila namba!

Mwl_Toni: Namba ndiyo neno lenyewe. Shika Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi zetu hizi, waliotoa wanaisimu wa Hong Kong mwaka 1993, toni 1 hadi 6. Mfano mou5 min2, "sina uso", yaani nimeumbuka. Uso wa kunawa ni min6, wa heshima ni min2. Tambi nazo ni min6, kwa hiyo ukiteleza umesema tambi zimeisha.

Bint_Makorora: Ongeza paa3 cau2, mwenye haya. Neno kwa neno ni "kuogopa ubaya", lakini halina ubaya wowote, hata mtoto anayejificha nyuma ya mamake huambiwa hivyo. Asiye na haya ni hau5 min6 pei4, ngozi ya uso nene. Sisi tunasema macho makavu, wao wameona ngozi.

Kontena40: Hilo la ngozi usimwambie anayekukopesha mzigo.

MzigoMezani: Nimeelewa. Kesho naanza na mou min.

Mwl_Toni: Min2! Vinginevyo atakuelekeza mgahawani.