Hiyo 2009 ni ya nini?

Kikundi: Wajukuu wa Babu

IJUMAA USIKU

Hamadi: Shikamooni wakubwa. Naomba msaada, nimekwama.

Hamadi: [picha 3]

Hamadi: Zote ni pikipiki za Triumph Bonneville zilizotumika. A ni T100 nyeusi na nyeupe, muuzaji anasema 2009. B ni Bonneville ya kawaida, nyeusi tupu, 2010. C ni T100 ya 2017. Ninunue ya mwaka gani?

Rama: Iliyo mpya kuliko zote. Hilo nalo swali?

Mama Hamadi: Mimi nilidhani hili la pikipiki tulishalimaliza.

Zawadi: Mama, ulilimaliza wewe 😂

Mjomba Salehe: Marahaba. Hamadi, hiyo 2009 ya A ni ya nini?

Hamadi: Ya nini kivipi, mjomba? Ndiyo mwaka wake.

Mjomba Salehe: Pikipiki ina aina tatu za mwaka. Mwaka iliyotoka kiwandani, mwaka wa toleo, na mwaka iliyosajiliwa mara ya kwanza. Inaweza kukaa dukani muda mrefu kabla ya kupata mnunuzi. Muuzaji anakutajia ule unaomfaa yeye.

Mjomba Salehe: Ikuze picha ya A. Chini ya tangi, upande wa kushoto. Unaona nini?

Hamadi: Kuna kibomba na kishikio kidogo cha kuzungusha.

Mjomba Salehe: Hiyo ni koki ya petroli. Sasa tazama B mahali hapohapo.

Hamadi: Hakuna kitu.

Mjomba Salehe: Basi A ni ya kabureta, inachanganya petroli na hewa bila umeme. B ni ya injekta, inapuliza petroli kwa umeme. Ya injekta haihitaji koki, ina pampu ndani ya tangi, na mafuta yakikaribia kwisha inakuwashia taa. Usidanganywe na vile vidude viwili vya pembeni mwa injini. Triumph walizipa injekta zao sura ya kabureta ili pikipiki ibaki na uso wa kizamani. Wengi wanaziangalia na kuapa kuwa ni kabureta.

Rama: Mimi ningeapa.

Mjomba Salehe: [ujumbe wa sauti, dakika 6:12]

Zawadi: Mjomba, tafadhali. Andika. Dakika sita!

Mjomba Salehe: Haya, naandika, vidole vyangu vinene.

Mjomba Salehe: Bonneville hizi za Hinckley, makao mapya ya Triumph huko Uingereza, zilitoka mwishoni mwa 2000, zikiuzwa kama toleo la 2001. Injini cc 790, inapozwa kwa hewa na oili, gia tano. T100 ilipewa injini ya cc 865 kwenye toleo la 2005, Bonneville ya kawaida ikasubiri hadi 2007.

Mjomba Salehe: Injekta zikaja 2008 Ulaya. Marekani zilichelewa hadi toleo la 2009. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, maana 2008 ya Ulaya ina injekta na 2008 ya Marekani ina kabureta.

Mjomba Salehe: Halafu 2016 na 2017 ukaja ukoo mwingine kabisa. Zinapozwa kwa maji, T120 ina cc 1200 na T100 ina cc 900. C ni ya ukoo huo.

Babu: bonneville mimi naijua. ilianza 1959

Mjomba Salehe: Kweli kabisa baba. Ile ya kiwanda cha zamani cha Meriden, cc 650. Jina walilitoa kwenye jangwa la chumvi la Utah, Marekani, wanakoshindania kasi.

Babu: ilikuwa ya kupiga kiki

Hamadi: Mjomba, lakini mbona C ina nguvu farasi 55 tu, wakati 865 zina kama 68? Yaani wameongeza cc wakapunguza nguvu?

Mjomba Salehe: Swali zuri. Nguvu ya 865 inakuja injini ikizunguka sana, mizunguko 7,500 kwa dakika. Ya 900 wameitengeneza ivute chini. Msukumo wake, yaani nguvu ya kuvuta, ni Nm (newtoni mita) 80 kwenye mizunguko 3,230, wakati 865 inatoa kama 68 na lazima uikamue hadi 5,800. Barabarani ndani ya mji 900 inajisikia na nguvu zaidi, ingawa karatasi inasema vingine. Toleo la 2021 wakaipandisha hadi 65.

Rama: Na mlio?

Mjomba Salehe: Tofauti pia. A na B pistoni zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, zinapokezana kuwaka, mlio unatoka sawasawa kama cherehani kubwa. C wamepinda kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa digrii 270, inanguruma kwa kuruka pigo.

Mama Hamadi: Yenye breki nzuri ni ipi? Nyie mnaongea milio tu.

Mjomba Salehe: C, dada. Ndiyo pekee yenye ABS. A na B hazina, ukikaba breki kwa hofu kwenye maji tairi linafunga.

Mama Hamadi: Basi C. Mjadala umefungwa.

Hamadi: Ujumbe huu umefutwa

Hamadi: C imeshauzwa. Amenijibu sasa hivi.

Mama Hamadi: 🙄

Mjomba Salehe: Pole. Ningekuambia hiyohiyo, bila kusita.

Hamadi: Zimebaki A na B. Moyo wangu uko A. Zile spoki, ile rangi mbili, tangi lina mstari wa dhahabu uliochorwa kwa mkono 😍 B ina rimu za kumiminwa kama pikipiki yoyote.

Rama: Wa kabureta nisikilize mimi. Ile yangu ya kwanza (siitaji jina) ilikaa kwenye banda miaka miwili na petroli ndani. Muuzaji akaniambia "inahitaji kusafishwa kidogo tu." Petroli ilikuwa imegeuka gundi. Vile vitundu vya kabureta ni vidogo kama tundu la sindano, vilikuwa vimeziba vyote. Nikifungua mafuta inazima, nikiiacha iwake bila kuongeza mafuta inazima. Nimefungua kabureta mara nne. MARA NNE.

Zawadi: Tulikuwa tunakuokota njiani kila wiki.

Mjomba Salehe: Kabureta si mbaya, nisieleweke vibaya. Ukiendesha kila siku hazina neno, na ukikwama njiani unazifungua kwa bisibisi. Ila Hamadi, wewe unasafiri kikazi miezi mitatu mitatu. Pikipiki italala.

Zawadi: Na urefu? Hamadi, usinichukie. Kwenye ile ya rafiki yako ulikuwa unasimama kwa ncha za vidole.

Hamadi: Dada 😩

Mjomba Salehe: Zawadi ana hoja. Kiti cha T100 kiko milimita 775 kutoka chini. Za kawaida kuanzia 2009, zile za rimu za kumiminwa, gurudumu la mbele walilipunguza hadi inchi 17 na kiti kikashuka hadi 740. Sentimita tatu na nusu ni nyingi ukiwa umesimama kwenye mteremko na kilo 200 na ushei katikati ya miguu.

Mjomba Salehe: Na T100 ya spoki ina tyubu. Pancha yake mpaka ulitoe gurudumu. B haina tyubu, unachomeka kizibo cha mpira hapohapo barabarani.

JUMAMOSI

Hamadi: Nimemwomba wa A picha ya namba ya fremu. Hii hapa. [picha]

Mjomba Salehe: Iko kwenye shingo ya usukani, sawa. Hesabu herufi ya kumi kutoka kushoto. Zote ni 17.

Hamadi: Ni 8.

Mjomba Salehe: Hesabu tena. Usiruke.

Hamadi: 8. Nimehesabu kwa kalamu.

Mjomba Salehe: Basi ni toleo la 2008. Kwa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani herufi hiyo ndiyo mwaka wa toleo. 8 ni 2008, 9 ni 2009, halafu wanaingia kwenye herufi, herufi A ni 2010. Inaendana na koki. Ya Marekani, ya mwisho kuwa na kabureta, ikasajiliwa 2009.

Hamadi: Kwa hiyo amenidanganya?

Mjomba Salehe: Si lazima. Labda amesoma kadi tu. Lakini kama ungelipa bei ya injekta ukapewa kabureta, ungemwita nani mwongo?

Zawadi: Samahani, mimi sijui pikipiki lakini najua namba. Tangazo la A linasema imetembea kilomita 14,200. Kwenye picha ya mita kuna maandishi madogo, MPH. Hizo si maili?

Hamadi: …

Rama: Mhasibu kaingia uwanjani 🔥

Zawadi: Maili 14,200 ni karibu kilomita 22,850.

Mjomba Salehe: Hongera, mimi nilipitiwa. Na si nyongeza ndogo. Kwenye 865 vali hukaguliwa kila kilomita 20,000. Muulize kama zimekaguliwa na ana kitabu cha huduma. Akisema "injini haijawahi kufunguliwa" kama sifa, ujue hazijakaguliwa.

Hamadi: Nimemuuliza. Kasema injini haijawahi kufunguliwa.

Rama: 🤣🤣🤣

JUMAPILI

Mjomba Salehe: Hamadi, ukienda kuziona, waambie wasiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu.

Hamadi: Nimetoka kwa A. Injini ilikuwa ya moto.

Mjomba Salehe: Na ulimwambia?

Hamadi: Mara mbili. Kasema "niliisogeza tu." Kusogeza gani kunaunguza mkono?

Hamadi: Sproketi ya nyuma (gurudumu la meno la mnyororo) meno yamechongoka na yamelalia upande mmoja. Tangi nimelimulika kwa tochi ya simu, lina kutu kama chini ya sufuria iliyosahaulika. Lakini ile rangi jamani…

Mjomba Salehe: Kutu hiyo inaelekea kwenye kabureta. Nenda kwa B.

Hamadi: Nipo kwa B. Injini baridi kabisa. Ila mjomba, hii nayo ina choki! Kuna kitufe cha kuvuta upande wa kushoto. Si ulisema injekta?

Mjomba Salehe: Si choki. Kinaongeza tu mzunguko wa injini ikiwa baridi. Choki ya kweli inazidisha mafuta, hiki kinafungulia hewa kidogo. Washa.

Hamadi: Stata moja tu. Imetulia. Taa ya injini imewaka kisha ikazima.

Mjomba Salehe: Ndivyo inavyotakiwa. Sasa usukani. Inyanyue gurudumu la mbele hewani, geuza polepole kushoto na kulia. Ukihisi kama inaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi zimekwisha.

Hamadi: Laini. Mwenyewe amenisaidia kuinyanyua. Kitabu cha huduma kipo, vali zilikaguliwa. Matairi yana kashata nzuri (ile mifereji ya juu), kama mapya.

Mjomba Salehe: Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, kwenye kile kiduara kirefu.

Hamadi: 3109.

Mjomba Salehe: Wiki ya 31, mwaka 2009. Ni matairi yaliyotoka nayo kiwandani. Kashata haina maana hapo, mpira umeshakuwa ubao. Usiende nayo mbali na matairi hayo, na yatoe kwenye bei.

Hamadi: Amekubali kutoa bei ya jozi nzima. Na miguu yangu yote miwili imekanyaga chini, dada Zawadi, visigino kabisa.

Zawadi: Picha!

Hamadi: [picha]

Mama Hamadi: Helmeti iko wapi kwenye hiyo picha?

Hamadi: Mama imesimama haijawashwa 😅

Mama Hamadi: Nimeuliza helmeti.

Babu: kiki iko upande gani

Hamadi: Haina kiki babu. Ina stata ya umeme tu.

Babu: betri ikifa mnafanyaje. mnasukuma?

Mjomba Salehe: Ile ya kabureta, ndiyo, ukisukuma inaweza kuwaka. Hii ya injekta betri ikifa kabisa, pampu ya mafuta haina umeme. Hata ukisukuma ni vigumu kuwaka, baba.

Babu: na mtoto anasafiri miezi mitatu mitatu

Babu: na nyie mmemchagulia isiyosukumika

Rama: 💀💀💀

Mjomba Salehe: Hamadi, mwombe huyo bwana akupe na chaja ya betri.