Mjadala: Shule ina haki ya kukataza kashata kwenye kopo la mtoto?

Mama Wawili (Makorora)
Assalaam aleikum na habari za asubuhi wote. Shule wanayosoma wanangu hapa Tanga mjini imetoa tangazo kwamba kuanzia Jumatatu mtoto asije na kitu kitamu. Biskuti, pipi, juisi za rangi, hapo sina neno. Lakini na kashata? Na visheti? Napika mwenyewe kila Jumapili, wiki hii za nazi, wiki ijayo za karanga, zinawafikisha Ijumaa. Nazi moja kubwa, sukari robo, hiliki, chumvi kidole kimoja, basi. Nikisema niwanunulie biskuti watoto wawili siku tano, hela yake inapita hiyo mbali. Mwalimu ana haki ya kuniingilia mpaka kwenye sufuria langu?

Mzawa wa Duga
Hana. Kopo ni la mzazi. Sisi tumekula kashata tangu chekechea na meno tunayo.

Nesi Mstaafu
Meno unayo wewe, mwanangu. Mimi nimeona watoto wa miaka sita magego yameisha. Tupige hesabu. Robo ni gramu 250. Ukikata vipande 25, kila kipande kina gramu 10 za sukari, yaani vijiko viwili na nusu vya chai. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hiyo 5 haizidi gramu 20 hivi. Vipande viwili saa nne, na bado hujahesabu chai ya asubuhi. Halafu kashata inaganda kwenye jino, haiondoki kwa mate. Sisemi msipike. Kipande kimoja, na asukutue kwa maji.

Mpwa wa Pangani
Si mtumie sukari guru? Ile haina madhara.

Nesi Mstaafu
Sukari guru ni sukari. Jino haliangalii rangi.

Baba Chumbageni
Tunazunguka tu. Tatizo ni kwamba kina mama wa siku hizi hawajui kuchemsha shira. Marehemu mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, tukitoka kuswali tunakuta vitumbua, mkate wa kumimina, kila kitu. Leo mama anampa mtoto mia tano akanunue getini, halafu analaumu shule.

Mama Wawili (Makorora)
Kaka, nimeandika hapo juu kwamba napika mwenyewe. Ulisoma?

Binti Ngamiani
Mama Wawili, hajasoma, alikuja na lake. Na amenigusa mimi. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa moja usiku. Mia tano natoa, ndiyo, kwa sababu kabla ya hapo nimeshapika chai, nimeshafua, nimeshavalisha watoto. Bwana Chumbageni, mbuzi ya nazi ya nyumbani kwako umeikalia lini?

Baba Chumbageni
Mimi natafuta, dada.

Binti Ngamiani
Na mimi saa kumi na moja na nusu naenda kutalii?

Mzawa wa Duga
Hapo bwana mkubwa umeshikwa 😂

Baba Chumbageni
Hamuwezi kuongea bila kubeza wanaume. Nimesema kuhusu shira, mmeleta mambo ya ndoa. Mama yangu naye alikuwa na shamba, hakuwahi kusema amechoka.

Binti Ngamiani
Hakuwahi kusema, au hakuna aliyemuuliza?

Fundi Baiskeli (Mabawa)
Jamani, mimi mwanamume na nakuna nazi. Mke wangu anashuka Deep Sea na alfajiri kuwahi samaki, kwa hiyo makopo ya watoto ni yangu. Sijapungukiwa kitu. Napenda za karanga kwa sababu moja: mtoto anaenda shule na baiskeli, mwendo wote ule wa mashimo, na kashata haimwagiki wala haichachi mpaka mchana.

Mkazi wa Dodoma
Karanga angalieni. Ile sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, ya 2015 sijui 2016 huku kwetu watu walikufa kwa karanga.

Nesi Mstaafu
Ilikuwa 2016, Dodoma na Manyara, na chanzo kikuu kilikuwa mahindi. Lakini karanga nazo zinashika ukungu huo huo, onyo lako ni la haki. Kukaanga hakuiondoi yote. Nunueni karanga nzima, mzichambue kabla hazijaingia kikaangoni. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupa. Ukitafuna moja ikawa chungu, usiifunike kwa sukari. Wanaopika kwa bei ya chini mara nyingi wananunua zile zilizobaki chini ya gunia, na hapo ndipo ninapoogopea watoto kuliko hata meno.

Mwalimu wa Kata
Nafundisha, ila si shule hiyo. Mnaongelea sukari tu. Saa nne darasani kwangu kuna watoto hawana hata muhogo. Mwenzao akifungua kopo la visheti anazungukwa, anaombwa, wengine wanamnyang'anya, na mimi ndiye naamua ugomvi. Mkitaka katazo liondoke, changieni uji wa shule watoto wote wanywe. Elimu bila ada ilianza 2016, na waraka wa mwaka huo huo ulisema chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Watu walisikia "bila ada" wakaziba masikio.

Mzawa wa Duga
Michango tena! Mwaka jana tulitoa ya uji, ukapikwa mwezi mmoja, baadaye kimya. Hesabu hatujasomewa mpaka leo. Mwalimu usituambie tumeziba masikio.

Mpwa wa Pangani
Hata kwetu hivyo hivyo. Mahindi tulipeleka, kuni tulipeleka.

Mwalimu wa Kata
Basi ulizeni kwenye kikao cha wazazi, maana huwa mnakuja kumi. Mnaopiga kelele hapa kule siwaoni.

Binti Ngamiani
Kikao kinaitwa Jumanne saa tatu asubuhi. Nani aje?

Mzawa wa Duga
Na ukifika unakalishwa jua kali saa mbili nzima, halafu unaambiwa mchango mwingine.

Nesi Mstaafu
Na chungwa la Muheza hamlitaji kabisa. Tamu, rahisi, halihitaji mtu kuamka saa kumi, na kopo zima la machungwa likigawanywa halimdhuru mtoto wa mwenzio.

Baba Chumbageni
Bado sijajibiwa suala la shira.

Mama Wawili (Makorora)
Mimi kikao nitaenda, nitaomba kipande kimoja kiruhusiwe na wasiweke vya nyumbani fungu moja na pipi. Kumi au mmoja, nitasema. Fundi, nisaidie: zangu za karanga zinamomonyoka, mtoto anafika na unga kwenye kopo. Nakosea wapi?

Fundi Baiskeli (Mabawa)
Shira unaitoa mapema, mama. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likikusanyika ukaweza kulifinya kwa vidole, mwaga karanga, koroga haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kata ikiwa bado ya moto, ikipoa kisu kinaivunja. Na sukari kwa nusu kilo ya karanga usizidishe robo. Kata vidogo, vipande 40 vinatoka, na nesi atakupitisha.

Baba Chumbageni
Hapo kwenye tone la maji ndipo mama alipokuwa anapima. Nazi moja inataka maji kiasi gani?

Fundi Baiskeli (Mabawa)
Nusu kikombe, bwana mkubwa. Usizidishe, itakukawiza jikoni.