Shafti ya pampu inalika kwenye pakingi: kuchomelea, kromu ngumu au mpako wa kauri?

Fundi_Jinja
Habari zenu wakuu. Nina pampu inayovuta maji yenye mchanga, huku Jinja. Pale pakingi (kamba ya kuzuia maji yasivuje) inapokaa, shafti imechimbika hadi ukucha unazama. Nikijaza kwa kuchomelea, joto linaipinda. Je, kauri inafaa?

Mkerezaji
Inafaa sana. Kromu ngumu, ile inayopakwa kwa umeme, ina ugumu wa HV 850 hadi 1,000 (HV ni kipimo cha ugumu cha Vickers). Chembe za kwatzi kwenye mchanga zinakaribia 1,100, ndiyo maana zinaikwangua. Oksidi ya kromu, ambayo ndiyo kauri yenyewe, ikipuliziwa kwa plazma (gesi yenye joto kali mno) inapita 1,200. Halafu ukipoza vizuri wakati wa kupulizia, kwa kawaida shafti haipiti nyuzi 150, basi haipindi.

Mama_Karakana
Ila jamani, tusiangalie ugumu peke yake! Kauri haivumilii kugongwa. Nyundo za kinu cha mahindi zichomelewe waya wa kromu kabaidi, kauri itabanduka vipande vipande. Hata kwenye shafti, kingo kali zilainishwe kwanza, mpasuko huanzia hapo.

Boda_Spea
Na zile biti za kuchimbia zenye rangi ya dhahabu? Si kauri pia?

Mkerezaji
Ndiyo, ni titani nitraidi. Inapita HV 2,000 lakini unene wake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Kwa vikatio ni nzuri mno, ila haijazi sehemu iliyolika.

Katwe_Chuma
Fundi, msimamie anayeandaa uso. Mpako haushiki kama gundi, unajing'ang'aniza kwenye mikwaruzo. Uso upigwe chembe za alumina mpaka ukwaruze, usiguswe kwa mkono wenye mafuta, kisha ipuliziwe nikeli-kromu ya kushikia kabla ya kauri. Kauri ina vitundu, maji yanapenya na kutu inainua mpako kutoka chini. Dai wazibe vitundu kwa resini kabla ya kusaga, na kusaga ni kwa jiwe la almasi.

Fundi_Jinja
Asante Mama Karakana, asanteni wote. Basi nitakereza bushi (bomba fupi) ya stenlesi ivae juu ya shafti, hiyo ndiyo ipuliziwe. Ikilika, nabadilisha bushi tu.

Mkerezaji
Hapo sawa kabisa. Mpako ukiwa milimita 0.25, kipenyo cha bushi kipungue milimita 0.5 kwa kuwa mpako uko pande zote mbili, na wapulizie zaidi kidogo ili ibaki nafasi ya kusaga.