Mtangazaji wetu wa asubuhi amenidhalilisha hewani, tena leo tarehe 17 Agosti!

Kamwene wanyalukolo. Naandika mkono bado unatetemeka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, mnaamka naye kila siku na kile kipindi cha "siku kama ya leo". Nimekaa na chai yangu hapa Ipogolo, redio nimeifungulia mpaka mbuzi wa jirani wanasikiliza. Akaanza: 1945, Indonesia yatangaza uhuru. Sawa. 1960, Gabon yajitawala kutoka kwa Ufaransa. Sawa. 1887, kazaliwa Marcus Garvey. Sawa kabisa. Halafu? Tangazo la magodoro!

Lugalo iko wapi? 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilimvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyembatiza Nyundo, likamuua na kikosi chake kikasambaratika. Hapa hapa mkoani kwetu Iringa! Indonesia kaiona, Lugalo kaikosa?

Nikapiga simu mara kumi na moja, kwa vocha yangu. Ikapokelewa. Nikasema kwa heshima zote, "Kaka, umesahau Lugalo." Akacheka. Akasema, "Mzee, stori za ulanzi tutaongea jioni." Akakata!

Stori za ulanzi. Mimi sinywi hata togwa iliyolala. Nikiwa darasa la tatu babu yangu alinipeleka kwenye mnara wa Lugalo, akavua kofia, akasimama. Hakutamka neno mpaka tulipopanda basi la kurudi. Leo mtu anazima simu yangu anasema stori za ulanzi. Mke wangu kasikia. Fundi baiskeli kasikia, nimepita pale ananiambia "shikamoo mzee wa ulanzi".

STORI ZA ULANZI!

Mpanda Daladala: Nimesikia mkuu. Gari zima liliguna.

Kijana wa Kihesa: Mara kumi na moja? Nirushie na mimi hiyo vocha.

Mgema Mstaafu: Tena Agosti! Ulanzi unagemwa masika, huyo katokea wapi?

Mtoto wa Kalenga: Kawaida yake. 19 Julai, siku aliyokufa Mkwawa mwaka 1898, alisoma ufunguzi wa Olimpiki ya Moscow 1980, akarudia mara mbili. Mkwawa kimya.

Mwalimu wa Zamani: 12 Aprili kamsoma Gagarin kwenda angani 1961. Sokoine, aliyefariki 1984 tarehe hiyo hiyo, kamruka. Nilimwandikia ujumbe, hajajibu mpaka leo.

Tukuyu Baridi: Nyie angalau mna vita vya kusahauliwa. Juzi Kyela yetu kaiweka mkoa wa Njombe.

Dada Mafinga: Mimi salamu za mama zina wiki tatu hazijasomwa.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye hoja. Amesema stori za ulanzi, HEWANI.

Kijana wa Kihesa: @Dada Mafinga ulilipia shingapi?

Dada Mafinga: Elfu mbili.

Kijana wa Kihesa: Umeliwa. Salamu ni bure.

Dada Mafinga: Bure?! Yule dada wa mapokezi kaniambia nini sasa?

Mpanda Daladala: Hivi magodoro ya lile tangazo ni bei gani? Inchi sita.

Tukuyu Baridi: Shuka Mbeya, Mwanjelwa utapata kwa nafuu.

Mgema Mstaafu: Mwanjelwa? Mimi niliuziwa lenye maboksi katikati!

Tukuyu Baridi: Duka la kona, lenye rangi ya bluu?

Mgema Mstaafu: Hilo hilo!