Tupeane uzoefu: dawa za kupunguza uvimbe kwa wenye kusagika kwa viungo

Ndugu wanajamvi, gegedu za magoti yangu zimelika, na kila ninayezungumza naye anaisifia dawa yake. Naomba mnaozitumia mweleze mlipewa ipi, iliwasaidia kiasi gani, na tumbo, moyo au figo zililipia nini.

Mchangiaji wa kwanza: Nilianza na ibuprofeni, lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache, hivyo niliimeza mara tatu kwa siku na bado goti liliniamsha usiku. Daktari akanihamishia kwenye naprokseni, ambayo hukaa mwilini muda mrefu na humezwa asubuhi na jioni tu. Mchana sikuona tofauti kubwa. Nilichopata ni usingizi. Kiungulia nacho hakikukawia, nikaongezewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni.

Mchangiaji wa pili: Mimi niliwahi kuvuja damu kwenye vidonda vya tumbo hadi choo kikawa cheusi, kwa hiyo nilipewa selekoksibu, miligramu 200 kwa siku, pamoja na omeprazoli. Dawa hii hulenga zaidi kimeng'enya cha COX-2 kinachochochea uvimbe, na kwa kiasi kikubwa hukiacha kile cha COX-1 kinacholinda utando wa tumbo. Asidhani mtu kwamba ndiyo salama kwa wote: rofekoksibu ya kundi hilohilo, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Mchangiaji wa tatu: Nina shinikizo la damu, natumia enalaprili na dawa ya kuongeza mkojo. Daktari hakutaka hata kusikia habari ya vidonge vya diklofenaki, kwani dawa hizo tatu zikikutana zinaweza kudhuru figo ghafla. Alinipa jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu ikilinganishwa na kidonge. Nakiri niliidharau (nani huamini dawa ya kupaka?), lakini sasa napanda ngazi. Kwa nyonga haifai, maana kiungo hicho kiko ndani mno.

Mwanzilishi wa mada: Nawashukuru. Mimi humeza aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya moyo, na ibuprofeni inaweza kuizuia isifanye kazi yake, kwa hiyo nitamwuliza daktari kwanza kuhusu jeli. Ndugu mchangiaji wa tatu, uliipaka kwa muda gani kabla ya kuona nafuu?